Ukuta wa Upande wa Mvua

Mchanga sita, chokaa moja, saruji moja:
nimeandika kwa penseli mlangoni mwa banda,
maana mkono huu ni wa kuhesabu vidonge,
miaka ishirini na sita nyuma ya kaunta pale Ruabon,
na mwiko haujaufahamu bado.

Ukuta ni wa baba.
Aliujenga mwaka wa mgomo, kwa matofali mekundu,
masalio ya tanuri lililozimwa,
kati ya bustani yetu na ya Idwal Pryce.
Mama alisema chanzo ni kuku.
Kanisani walisema Idwal alishuka mgodini
wiki tatu kabla ya wenzake.
Ufa haukuzibwa. Ukuta ukajengwa.

Sasa baba yuko mlimani chini ya kibao cha sleti,
na mvua ya magharibi, ambayo haijui mgomo,
imebambua nyuso za matofali moja moja.
Ukipitisha kiganja unabaki na vumbi jekundu
kama uliyegusa shavu la mtu aliyejipaka rangi.

Nikachota. Nikapiga. Lipu ikashika kidogo,
ikafikiri,
ikaporomoka yote juu ya viatu.
Nikapiga tena. Pwa! Chini.

"Unyweshe kwanza."

Sauti ilitoka ng'ambo,
ya mtu aliyekaa kitini na chai yake.
"Tofali lina kiu, Mererid. Ukilipaka likiwa kavu
litafyonza maji yote, likuachie ganda."

Miaka arobaini, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi
yaliyowahi kuvuka.

Nikaburuta mpira wa maji. Matofali yakanywa,
yakageuka rangi ya ini.
Tabaka la kwanza nikalikwaruza kwa reki, mawimbi mawimbi,
"ili la pili lipate pa kutia kucha," akasema,
na sasa alikuwa langoni, kofia mkononi,
haingii.
Mgodi ulipofungwa hakuna aliyempa kazi hapa.
Alipiga lipu Liverpool miaka kumi na tisa,
akirudi Ijumaa usiku, taa ya jikoni ikiwa imezimwa.

Siku ya tatu: mawingu mepesi,
hakuna jua la kuharakisha, hakuna baridi ya kugandisha.
Nikapandisha lipu kutoka chini,
nikaegemeza ubao mrefu ukutani niupitishe,
nao ukabembea.
Katikati ya ukuta pana kitumbo,
safu ya saba, ya nane, ya tisa,
kazi ya baba, aliyetundika hata kalenda kwa timazi.

Idwal alitazama kwa muda.
"Hapo," akasema, "ndipo nilipotoka nje kumwangalia.
Hakuinua kichwa.
Lakini aliacha kupima."

Sikujibu. Nilijaza kandokando ya kitumbo,
unene wa kidole, kisha nusu kidole,
ubao ukapita, ukapita tena, ukatulia.
Kisha kibao cha kusugulia, mizunguko midogo.
Kisha kungoja, hadi kidole kiache alama bila kulowa.
Kisha sifongo yenye unyevu tu, nyepesi,
kama unamfuta mtoto uji,
na punje za mchanga zikajitokeza usoni
huku mkono wa baba ukienda ndani, safu kwa safu.
Sikulia. Nilikuwa na saruji hadi kwenye nyusi.

"Upande wako nitaufanya Jumamosi," nikasema.

Akavaa kofia.
"Upande wangu uache.
Nimezoea kuusoma."

Jioni nikatundika magunia mabichi juu ya lipu
isikauke kwa pupa, ikapasuka.
Ng'ambo, kijiko kilizunguka kikombeni
muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.